Mashine inayonyoosha sauti na imani ya msikilizaji

MNAMO Oktoba 2014, mwanamuziki T-Pain wa Marekani aliketi kitini katika ofisi za shirika la redio la NPR jijini Washington, akiwa na mpiga kinanda mmoja pekee kando yake. Hapakuwa na bendi, hapakuwa na taa za jukwaani, na zaidi ya yote hapakuwa na tarakilishi ya kuikarabati sauti yake kabla haijawafikia wasikilizaji. Alipofungua kinywa, watu waliokuwa wamemsikia redioni kwa miaka tisa hawakuyaamini masikio yao. Mtu aliyesifika, na kulaaniwa, kwa kuimba kama roboti alikuwa na sauti laini, pana, iliyotua juu ya kila noti bila kuyumba.

Ajabu ni kwamba mshangao huo ulikuja kinyumenyume. Ulimwengu wa muziki umezoea kashfa za mwimbaji anayesifiwa kwa kipaji ambacho baadaye hubainika kwamba hakuwa nacho. Huyu alikuwa nacho tangu mwanzo, ila umma uliamini hana, kwa sababu tu aliamua kutumia waziwazi chombo ambacho wengine wengi walikuwa wakikitumia kisirisiri.

Chombo chenyewe ni programu iitwayo Auto-Tune. Kazi yake ni kusahihisha kidatu, yaani kule kupanda na kushuka kwa sauti ambako humfanya msikilizaji aseme kwamba mwimbaji ameishika noti au ametoka nje. Tangu iingie sokoni mwaka wa 1997, programu hiyo na nyingine zilizoifuata zimeenea katika studio za kila bara, kiasi kwamba si rahisi leo kuutaja wimbo mpya wa redioni na kuapa kwamba haukuguswa. Swali ambalo wapenzi wa muziki wamekuwa wakiulizana kwa zaidi ya robo karne bado halijapoa: anayesikika ni nani hasa, mwimbaji au mashine?

Kutoka kwenye visima vya mafuta

Mvumbuzi wa Auto-Tune, Andy Hildebrand, hakuwa mtu wa studio. Alikuwa mhandisi aliyefanya kazi na kampuni ya mafuta ya Exxon katika miaka ya sabini, na mwaka wa 1982 akashirikiana na wenzake kuanzisha kampuni ya Landmark Graphics iliyowahudumia watafutaji wa mafuta. Wataalamu hao hulipua baruti au huitetemesha ardhi kwa mitambo, kisha husikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwenye matabaka ya miamba. Mwangwi huo huja umechanganyika na kelele za kila aina, na ni kwa hesabu ndefu tu ambapo picha ya kilichoko chini hupatikana kabla ya shimo kuchimbwa.

Hildebrand alikuwa pia mpigaji filimbi tangu ujana wake. Alipoiacha biashara ya mafuta mwishoni mwa miaka ya themanini, alienda kusomea utunzi wa muziki katika Chuo Kikuu cha Rice, jijini Houston. Inasimuliwa kwamba wazo la Auto-Tune lilizaliwa kwenye meza ya chakula, pale mwanamke mmoja alipomtania amtengenezee kisanduku cha kumwezesha kuimba bila kutoka nje. Waliokuwepo hawakulitilia maanani. Miezi kadhaa baadaye, Hildebrand alikumbuka kwamba hesabu alizokuwa akizifanyia miamba zingeweza kufanyiwa koo la binadamu.

Ili kuelewa jinsi chombo hicho kinavyofanya kazi, inafaa kukumbuka kwamba sauti ni mtetemo. Noti ambayo bendi nyingi huitumia kulinganisha ala zake hutetemeka mara 440 kwa sekunde. Sauti inaponaswa kwa kiwango cha CD, mtambo huipima mara 44,100 katika kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kama nambari. Kwa hiyo wimbi la noti hiyo hujirudia baada ya kila nambari 100 hivi. Tarakilishi ikiichukua safu ya nambari, ikainakili, kisha ikaisogeza nakala polepole kando ya safu ya asili, itagundua kwamba safu hizo mbili zinalandana pale nakala inapofika nafasi ya 100. Si ya 90, wala si ya 110. Hapo hujua ni noti gani inayoimbwa.

Njia hiyo ya kulilinganisha wimbi na nafsi yake ilijulikana na wanahisabati zamani. Ugumu ulikuwa katika wingi wa hesabu, kwani kulinganisha huko kunapasa kurudiwa kwa kila kipande kidogo cha sauti, na tarakilishi za miaka ya tisini zilielemewa. Hildebrand alipata njia ya mkato iliyopunguza mno idadi ya hesabu za kuzidisha, na ndipo kazi hiyo ikawezekana papo hapo, mwimbaji angali anaimba.

Kuijua noti ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kuihamisha. Enzi za kanda, fundi aliyetaka kupandisha sauti aliiharakisha kanda, na matokeo yakawa maneno kwenda mbio na mwimbaji kusikika kama kikaragosi cha katuni. Auto-Tune hulikatakata wimbi katika mizunguko yake midogo, ikaisogeza mizunguko hiyo karibu au mbali, na kurudia au kuruka baadhi yake, ili kidatu kibadilike ilhali urefu wa neno unabaki vilevile.

Chukua mfano wa mwimbaji aliyekusudia ile noti ya 440 akajikuta amepanda hadi 450. Noti inayofuata kwenye kinanda ina mitetemo 466. Mashine huangalia iliyo karibu zaidi, ikaona ni 440, ikamrudisha. Wataalamu huugawa umbali kati ya noti mbili jirani katika sehemu 100 wanazoziita senti, kama za shilingi. Mwimbaji huyo alikuwa amepotoka kwa senti 39 hivi, kosa ambalo hata asiyejua kusoma muziki lingemkereketa.

Wimbo uliokificha kitufe

Miongoni mwa vidhibiti vya programu hiyo kimo kimoja kinachoamua mashine imrudishe mwimbaji kwa kasi gani. Binadamu haruki kutoka noti moja hadi nyingine kama mtu anayeruka mtaro. Huteleza, hupapasa, hutikisika kidogo, kisha hutulia. Kasi ya masahihisho ikiwa ya wastani, mteremko huo huachwa na ni mwisho wa noti pekee unaonyooshwa, wala msikilizaji hatambui lolote. Lakini kasi ikiwekwa sufuri, yaani bila kusubiri hata milisekunde moja, mteremko wote hufutwa. Sauti huruka kutoka ngazi hadi ngazi kwa ghafla, ikawa na mlio wa chuma ambao koo la binadamu haliwezi kuutoa.

Hildebrand aliiweka sufuri hiyo bila kudhani kwamba kuna mtu mwenye akili timamu atakayeitumia. Mnamo 1998 walitokea. Watayarishaji Mark Taylor na Brian Rawling walikuwa wakimtengenezea mwimbaji Cher wimbo wa Believe katika studio yao mjini London. Cher alikuwa na umri wa miaka 52, na wengi walidhani enzi yake imepita. Taylor alipojaribu kuikaza mashine hadi mwisho katika baadhi ya beti, sauti ilivunjikavunjika kwa namna ambayo haijawahi kusikika. Kampuni ya kurekodi ilipotaka mlio huo uondolewe, Cher alikataa katakata. Wimbo ulishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki saba, na mwaka uliofuata ukaongoza Marekani pia.

Waandishi walipouliza mlio huo umepatikanaje, watayarishaji walijibu kwa uongo. Mwaka wa 1999 walilieleza jarida la Uingereza la Sound on Sound kwamba walitumia vokoda, mtambo wa zamani unaochanganya sauti ya mtu na ya kinanda. Huenda huo ndio uongo wa kwanza mashuhuri katika historia ya Auto-Tune, na inafaa kutambua kwamba haukutungwa ili kufunika udhaifu wa mwimbaji. Wapishi walikuwa wakiificha siri ya mchuzi ili majirani wasiuige.

Tangu hapo chombo hicho kimekuwa na maisha mawili, na mjadala mwingi huharibika kwa sababu wanaojadili huyachanganya. Maisha ya kwanza ni ya hadharani, ambapo mlio wa chuma ni pambo kama vile gitaa la umeme linavyokwaruzwa kwa makusudi. T-Pain aliuchukua kwa njia hiyo katika albamu yake ya kwanza ya 2005, naye Kanye West akaiimba albamu nzima ya 808s & Heartbreak kwa njia hiyo mwaka wa 2008, akiomboleza kifo cha mama yake na uchumba uliovunjika. Hakuna aliyedanganywa na nyimbo hizo. Sauti ilitangaza yenyewe kwamba imepita mashineni.

Maisha ya pili ni ya mafichoni. Hapa ndipo penye swali la kweli, ingawa ndipo pasipopigiwa kelele.

Hila za kale

Mtetezi wa studio atasema kwamba muziki ulionaswa haujawahi kuwa mkweli, na ushahidi anao. Mnamo Juni 1952, mwimbaji wa opera Kirsten Flagstad kutoka Norway alirekodi Tristan und Isolde mjini London chini ya kiongozi wa okestra Wilhelm Furtwängler. Alikuwa na miaka 56, na noti mbili za juu kabisa zilikuwa zimeanza kumponyoka. Noti hizo ziliimbwa kwa niaba yake na Elisabeth Schwarzkopf, wala santuri haikusema. Siri ilipofichuka kulizuka fedheha, ila rekodi hiyo bado inahesabiwa miongoni mwa bora zaidi za opera hiyo.

Mpiga piano Glenn Gould wa Canada alikwenda mbali zaidi. Mwaka wa 1964, akiwa na miaka 31 tu, aliacha kabisa kupiga mbele ya hadhira, akashikilia kwamba kanda ndiyo ukumbi wake na kwamba kuunganisha vipande vya marudio mbalimbali ni sanaa halali, sawa na mwandishi anayefuta sentensi na kuiandika upya. Katika muziki wa kisasa, kumwagiza mwimbaji arudie ubeti mara kumi au ishirini, kisha kuchagua neno hapa na neno pale, ni jambo la kawaida ambalo hakuna anayelionea haya.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini haimalizi neno. Aliyerudia ubeti mara ishirini na akapata mara moja, hiyo mara moja aliiimba yeye. Koo lake lilifika. Masahihisho ya kidatu yanavuka mpaka huo, kwani yanaweza kumpa noti ambayo hakuifikia hata mara moja. Tangu 2001, programu ya Melodyne iliyobuniwa na Peter Neubäcker mjini Munich, Ujerumani, imeurahisisha uvukaji huo. Humwonyesha mhandisi kila noti iliyoimbwa kama doa kwenye kioo, naye hulishika kwa kipanya akalisogeza juu, chini, mbele au nyuma. Mnamo 2009 wavumbuzi hao walitoa toleo lililoweza hata kuzitenganisha noti zilizopigwa kwa pamoja kwenye gitaa au piano, jambo ambalo wataalamu wengi walilidhania haliwezekani.

Hildebrand mwenyewe ameulizwa mara nyingi iwapo haoni aibu. Amewahi kujibu kwamba yeye huunda gari tu, wala si yeye anayeliendesha upande usiofaa wa barabara. Amelinganisha pia uvumbuzi wake na vipodozi. Mlinganisho huo wa vipodozi una ukweli zaidi ya alivyokusudia, kwa sababu aliyepaka wanja hatarajii kupewa zawadi ya kuzaliwa na macho hayo. Mwimbaji wa studio huitarajia.

Miaka ya ghadhabu

Ushahidi kwamba umma hujali ahadi kuliko mashine ulionekana mapema. Mnamo Februari 1990, wanamuziki wawili wa kundi la Milli Vanilli walituzwa Grammy kama wasanii bora wapya. Mnamo Novemba mwaka huo huo tuzo ikachukuliwa, baada ya kubainika kwamba hawakuimba hata neno moja katika albamu yao. Walikuwa wakichezesha midomo juu ya sauti za wengine. Nyimbo hazikuwa zimebadilika. Kilichobadilika ni kile ambacho msikilizaji alijua.

Hasira kama hiyo ilirudi miaka ya 2000, safari hii dhidi ya Auto-Tune. Mwaka wa 2002, mwimbaji Allison Moorer wa Marekani alitoa albamu iliyobandikwa tangazo kwamba sauti haikusahihishwa popote, kama vile muuza maziwa anavyoapa kwamba hakutia maji. Mnamo Februari 2009, wanachama wa bendi ya Death Cab for Cutie walihudhuria hafla ya Grammy wakiwa wamejibandika utepe wa samawati kulalamikia matumizi ya kupindukia ya programu hiyo. Miezi michache baadaye Jay-Z akatoa wimbo wa kuitangazia Auto-Tune mauti. Jarida la Time nalo mwaka wa 2010 likaiorodhesha miongoni mwa vumbuzi 50 mbaya zaidi.

Mwaka huo huo wa 2010 ndipo lilipotokea tukio lililofichua kiini cha mambo kuliko nyimbo zote za majigambo. Shindano la kuimba la The X Factor lilipoanza msimu mpya kwenye runinga ya Uingereza, watazamaji waligundua kwamba sauti za baadhi ya washiriki, akiwemo msichana mmoja mzaliwa wa Zimbabwe, zilikuwa na mng'aro wa mashine. Waandaaji walilazimika kukiri kwamba sauti zilifanyiwa kazi kabla ya kipindi kupeperushwa. Malalamiko yalimiminika, na kwa haki. Shindano ni ahadi: huyu na yule wanaimba, msikilizaji anapima. Mizani ikichezewa, hakuna shindano tena. Lililosikitisha zaidi ni kwamba msichana huyo hakuwa ameomba msaada wowote, na sifa yake ndiyo iliyotiwa doa.

T-Pain aliulipia ukweli wake kwa namna nyingine. Mnamo 2021 alieleza katika filamu ya mfululizo kwamba mwimbaji mwenzake mashuhuri alimwambia ndani ya ndege mwaka wa 2013 kwamba ameuharibu muziki kwa ajili ya waimbaji wa kweli, na kwamba maneno hayo yalimtumbukiza katika unyongovu wa miaka minne. Mtu aliyeonyesha kitufe hadharani alibebeshwa dhambi za waliokificha. Mnamo Februari 2019 alishinda shindano la kwanza la The Masked Singer nchini Marekani, ambapo washiriki huimba wakiwa wamejifunika sura ili wapimwe kwa sauti tu.

Noti 12 za nani?

Mjadala wa Marekani na Uingereza huhusu zaidi ukweli na uongo. Kwa wapenzi wa muziki wa Afrika Mashariki kuna swali jingine ambalo huenda ni zito kuliko hilo: mashine inapoamua kwamba noti fulani imekosewa, imetumia kipimo cha nani?

Kipimo cha kawaida cha programu hizi ni kinanda cha Kizungu, chenye noti 12 zilizopangwa kwa umbali sawa. Si muziki wote wa dunia unaoishi katika noti hizo. Mathalan, taarab ya Unguja ilirithi kutoka Misri mifumo ya noti iitwayo maqam. Katika mfumo mmoja maarufu, ule wa Rast, noti ya tatu hukaa kwenye senti 350 hivi kutoka ile ya kwanza. Kwenye kinanda mahali hapo hapana kitu; kuna noti ya senti 300 na nyingine ya 400. Mpiga fidla, udi au nai wa kundi kama Nadi Ikhwan Safaa, lililoasisiwa mwaka wa 1905, huipata noti hiyo kwa kidole na pumzi, na mwimbaji huipata kwa sikio. Mashine iliyoachwa katika mpangilio wake wa kawaida itaiona kuwa kosa. Itaivuta chini au juu, na ladha ambayo watu wa pwani wameilea kwa zaidi ya karne moja itakuwa imesahihishwa hadi ikatoweka.

Vivyo hivyo kwa ala za bara. Nyatiti ya Waluo yenye nyuzi nane hulinganishwa kwa sikio la mpigaji na sauti yake mwenyewe, si kwa kinanda. Hugh Tracey, aliyerekodi muziki nchini Kenya mwaka wa 1950, alikuwa akizipima ala za Afrika kwa uma za sauti, kwa sababu alitambua kwamba umbali kati ya noti zake hutofautiana kutoka jamii hadi jamii, na hata kutoka fundi mmoja hadi mwingine. Mwimbaji anayeifuata ala kama hiyo hawezi kuwa ndani kwa mujibu wa nyatiti na papo hapo awe ndani kwa mujibu wa tarakilishi.

Kisha kuna sauti zenyewe. Siti binti Saad aliposafiri hadi Bombay mwaka wa 1928 kurekodi santuri za kampuni ya HMV, sauti ilichongwa moja kwa moja kwenye nta, na lililoimbwa likawa limeimbwa. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013 na ambaye alikuwa ametuzwa na shirika la WOMEX mwaka wa 2005, alikuwa na koo lenye mikwaruzo, lililopinda noti na kuzivunja apendavyo. Msikilizaji hakumfuata Bi Kidude ili asikie usahihi. Alimfuata asikie umri, ujeuri na kicheko. Nyoosha hayo, atabaki bibi yeyote.

Hata hivyo, si haki kuitwika Auto-Tune lawama zote. Kinanda cha umeme kilipoingia katika taarab ya kisasa kilikuja na noti zake 12 zisizopinda, na waimbaji wakajifunza kukifuata kabla hawajaisikia programu yoyote. Isitoshe, Auto-Tune yenyewe imewekewa ngazi nyingine, za Kiarabu zikiwemo, na mhandisi anayejua anachokifanya anaweza kuiagiza iache noti fulani bila kuigusa. Tatizo liko kwa mhandisi asiyejua, aliyefungua programu akakubali kila alichokikuta, tena mwenye wateja watano wanaosubiri nje ya mlango.

Wala si kila mahali mashine imekuwa adui wa mapokeo. Nchini Morocco na Algeria, waimbaji wa Kiberiberi na wa muziki wa rai waliipokea Auto-Tune kwa mikono miwili. Mwandishi na DJ Jace Clayton ameeleza katika kitabu chake cha 2016, Uproot, jinsi mikunjo mirefu ya sauti ya waimbaji hao ilivyokutana na mashine, kila mkunjo ukaifanya itetemeke na kung'aa. Kwao mashine haikuwa mwalimu wa kusahihisha bali ala ya kuchezea. Katika Bongo Fleva na katika nyimbo za vijana wa Nairobi pia, mlio huo si mgeni, na wapo wanaoutumia kwa ustadi unaojulikana mara tu wimbo unapoanza. Wapo pia wanaoutumia kwa sababu hawakufanya mazoezi, na hao nao hujulikana.

Sauti bila mwenyewe

Wakati wanamuziki wakibishana kuhusu senti 39, jambo kubwa zaidi lilikuwa njiani. Mnamo Aprili 2023 wimbo uliosikika kana kwamba umeimbwa na Drake na The Weeknd ulisambaa mitandaoni. Wawili hao hawakuuimba. Sauti zao zilikuwa zimeigizwa kwa akili unde, na wimbo ukaondolewa kufuatia malalamiko ya kampuni ya Universal. Machi 2024, jimbo la Tennessee, lenye jiji la muziki la Nashville, likapitisha sheria ya kuilinda sauti ya mtu isiigizwe bila idhini yake. Ikilinganishwa na hayo, Auto-Tune inaonekana karibu kuwa ya kizamani: angalau inahitaji mtu asimame mbele ya maikrofoni na aimbe kitu, hata kama amekiimba vibaya.

Pengine ndiyo sababu ghadhabu imepoa. Mwaka wa 2023, wale wale wanaoandaa tuzo za Grammy, ambao mwaka wa 2009 waliketi katika ukumbi mmoja na tepe za samawati za maandamano, walimtunuku Andy Hildebrand tuzo yao ya mchango wa kiufundi.

Kwa msikilizaji anayetaka kujua kilichofanyika katika wimbo anaoupenda, masikio yake yanaweza kumsaidia kwa kiasi. Pa kusikiliza ni kwenye maungio ya noti, si katikati yake. Neno refu linalopita juu ya noti mbili au tatu likiruka kwa pembe kali badala ya kuteleza, mashine ipo. Noti ndefu iliyonyooka kama uzi wa bomba, isiyotikisika hata mwimbaji anapoishiwa pumzi, nayo hutia shaka. Na jukwaani, mwimbaji anayehema kwa kucheza densi ilhali kidatu chake hakitikisiki ana msaidizi nyuma ya pazia, kwani yapo matoleo ya mashine hiyo yanayofanya kazi papo hapo. Lakini kazi iliyofanywa na fundi mwenye subira, noti moja baada ya nyingine, huwapita hata wahandisi wenzake, isipokuwa pale wanapopata kusikiliza sauti ile ya kwanza, kabla haijaguswa. Nayo ni nadra sana kutoka nje ya studio.